Mtu wa Kukaa Badala ya Telefoni

Odile wangu,

Umeenda kuaga wenzako wa kwaya, mdogo wako Didier amekufuata, na baba yako amekaa nje kwenye ngazi, mgongo wake umeelekea mlango. Nimepata nafasi. Ninaandika haraka kabla jua halijazama. Ukirudi nitakupa karatasi hizi pamoja na mshumaa, ule uliobaki. Uzisome peke yako huko jikoni kabla ya kulala. Usimsomee Didier.

Unaujua mdomo wangu. Nikianza kukuambia jambo la maana, kabla sijafika katikati nimeshaanza kupiga kelele juu ya sufuria chafu. Ndiyo sababu ninaandika. Tena ninaandika Kiswahili cha masista walionifundisha, maana hiki chetu cha kila siku, cha “minye” na “njo” badala ya mimi na ndiyo, nikikiona kwenye karatasi huwa ninacheka, na leo sitaki kucheka.

Sitakuambia namna ya kukunja vitenge vyako wala saa ya kuamka katika nyumba ya watu. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka tuseme ukweli kuhusu kesho. Majirani nimewaambia unaenda Lubumbashi kujifunza kushona. Wamenipongeza. Mama Claudine ameleta hata kipande cha sabuni. Lakini hakuna shule ya kushona, wewe unajua, mimi ninajua, na Mama Claudine anajua kutushinda sote. Kesho lori la makayabo linakuchukua kwenda kukaa kwa Mama Régine, yule mwenye kuuza samaki hao wa chumvi kwa jumla, kwa sababu nimemwomba mkopo na sina telefoni.

Mtu wa mbali akisikia hivyo atasema nimerukwa na akili. Telefoni na mtoto, wapi na wapi? Acha nikueleze tulivyofika hapa, kwa sababu hatukufika siku moja, na njia yote nilikuwa natembea mbele mimi.

Sijui kama unaikumbuka telefoni ya Cercle. Cercle ilikuwa klabu ya wafanyakazi wa kampuni, pale watu walipokunywa bia baada ya mshahara. Telefoni ilikuwa nyeusi, nzito, imekaa juu ya meza nyuma ya kaunta, na mlinzi wake alikuwa Papa Donatien, mzee mmoja mwembamba aliyevaa tai hata siku ya kufagia. Ukiacha nyumba za wakubwa kule juu, kambi yetu nzima hapa Likasi haikuwa na telefoni nyingine. Basi mtu yeyote wa kambi akiulizwa namba, alitoa ile.

Mimi niliitoa siku niliyotaka cherehani kwa mkopo. Ulikuwa bado unatambaa. Nilikwenda kwenye duka la Mgiriki mmoja mjini, akaniuliza jina, nyumba, kazi ya bwana, halafu namba. Nikaitaja ya Cercle bila kupepesa macho. Yule mtu akapiga palepale! Mimi nimesimama mbele yake, jasho linanitoka mpaka kwenye magoti. Nikasikia sauti ya Papa Donatien ikitoka ndani ya kile chombo, tulivu kabisa: "Allô? Ndiyo, njo hapa kwa Mama Odile. Ametoka kidogo, ameenda ku soko. Minye? Minye ni shemeji yake."

Shemeji yangu! Alikuwa shemeji wa kambi nzima. Kila mwanamke aliyeomba kitanda, baiskeli au redio kwa mkopo, shemeji yake alikuwa Papa Donatien. Na akishaweka telefoni chini, alituma mtoto akimbie kukuambia nani amekupigia na ameuliza nini, usije ukajibu tofauti. Hakudai kitu. Ukimpelekea karanga, alishukuru mpaka unaona haya.

Yule Mgiriki hakuwa mjinga. Aliniangalia akasema: "Mama, hii nyumba yenu ni kubwa namna gani? Wanawake wote wa kambi wanalala humo." Akacheka, akanipa cherehani yangu. Nilirudi nayo kichwani huku ninaimba. Nilidhani ni telefoni iliyonifanya niaminike. Sikujua kwamba alikuwa anaangalia mshahara wa baba yako uliosimama nyuma ya ile namba, na kwamba kama mshahara usingekuwepo, hata ningekuwa na telefoni ya dhahabu angenionyesha mlango.

Halafu mshahara ukaanza kuchelewa. Tukasema utakuja. Mposho, ule unga tuliopewa na kampuni, ukapunguzwa, kisha ukakatwa kabisa. Kila asubuhi baba yako alivaa sare akaenda kwenye usine, kiwanda kilicholala, akakaa na wenzake kwenye kivuli cha mashine, wakarudi jioni na mikono safi. Niliichukia ile mikono safi. Umeme wa bwawa la Koni ulipita juu ya vichwa vyetu kwenye nyaya zake ndefu, na sisi chini tukaanza kuuza vitu: kwanza redio, halafu kitanda cha wageni, halafu cherehani.

Ndipo vijana wakagundua kwamba kando ya barabara ya Cercle, chini ya udongo, kuna kebo nene ya shaba. Ilikuwa ni ya telefoni. Kijana wa kwanza aliyeichimba alikamatwa akapelekwa Buluo, na mama yake akawa anatembea kwa miguu mpaka kule gerezani na kibakuli cha bukari ya unga wa mahindi. Wa pili hakukamatwa. Baada ya hapo walichimba mchana kweupe, na askari wakisimama pembeni kungoja sehemu yao.

Nataka ulijue hili vizuri, kwa sababu umesikia watu wakisema kwamba Baba Odile njo alikata telefoni. Baba yako hakutaka. Alikaa pale mezani na sare yake, akasema yeye ni fundi, si mwizi. Mimi ndiye niliyesimama mbele yenu nikamwambia: "Benzako banaleta bunga ku nyumba. Weye unaleta nini? Sare?" Ulikuwepo. Uliangalia chini. Akatoka, akarudi na gunia begani, akachoma ile plastiki nyuma ya nyumba mpaka moshi mweusi ukaingia kwenye shuka zetu. Siku ile tulikula bukari na nyama ya ng'ombe. Wewe na Didier mlicheza uani, na mimi niliwaangalia nikajiona mama hodari.

Kesho yake Papa Donatien alikuja. Alisimama mlangoni na tai yake, amebeba ile telefoni mikononi, waya unaning'inia mpaka kwenye viatu. Hakugomba. Alisema: "Mama Odile, sasa bantu bakikutafuta, nitabaambia nini?" Nikamjibu: "Nani atanitafuta, Papa?" Nikacheka, nikaona nimesema neno zuri. Alitikisa kichwa akaenda zake. Aliendelea kuiweka ile telefoni nyumbani kwake, kwenye kabati la vyombo, mpaka alipokufa. Watoto wake wameiuza.

Mwanangu, mtu mwenye njaa anaweza kula vitu vingi. Sisi tulikula kile kitu ambacho kwacho watu wa nje waliweza kutufikia. Sijutii nyama mliyokula. Ninajutia kile kicheko.

Biashara ya makayabo unaijua, umebeba beseni pamoja nami. Unajua kwamba nanunua kwa rejareja pale sokoni na kuuza kwa rejareja palepale, kwamba faida yote inaishia kwa yule anayenunua kwa karton huko Lubumbashi. Nikasema, basi na mimi nitanunua kwa karton. Ndiyo ile safari niliyokwenda juu ya lori la mkaa nikarudi mweusi, mkanicheka.

Mama Régine alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Alinipa kiti na maji. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuchoka, na kwenye mlango wa depo yake kuna makufuli mengi kuliko kanisa. Aliniuliza kama vile yule Mgiriki. Jina. Nyumba. Bwana. Halafu: "Telefoni?"

"Hakuna, Mama."

"Kwa jirani?"

"Hakuna. Kebo tuli... bali... ilikatwa."

Unaona? Hata kule nilishindwa kusema nani aliikata.

Nilikuwa nimejitayarisha. Nilitoa karatasi ya chef wa mtaa yenye muhuri. Nilitoa picha yangu. Nilimwambia kwamba Padri wetu yuko tayari kusimama kwa ajili yangu, kwamba mtu akiuliza kwenye parokia, Padri atajua nilipo. Mama Régine akairudisha picha mezani. "Padri banamuhamisha, mama," akasema. "Chef banamubadilisha. Sasa weye, siku utanikimbia, nitakupata wapi?" Nikaichukua picha yangu. Akasema atafikiri, ataniita kwa phonie, nikae karibu.

Phonie unaijua kwa nje tu, sikukuruhusu kuingia. Ni ile redio ya kusemea, kwenye chumba cha mfanyabiashara mmoja karibu na soko, na betri ya lori chini ya meza. Telefoni zilipokufa ndiyo tulibaki nayo. Unabonyeza, unasema, unamaliza na "à toi", unaachia, mwenzako anajibu, na sauti yake inatoka kwenye kipaza kikubwa kama ya misa ya Pasaka. Nje ya mlango kuna benchi la wanaongoja zamu. Benchi lote linasikia. Na siyo benchi tu: kila mwenye phonie kwenye laini ile, kuanzia Kolwezi mpaka Kasenga, akitaka anasikia. Watu wamepata habari ya kifo cha mama yao pale, mbele ya wauza vitunguu.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimefunga kitambaa kipya. Sijui, labda nilidhani ataniona.

"Likasi, Likasi, minye Régine ku Lubumbashi. Mama Odile iko? À toi."

"Minye niko, Mama. À toi."

"Mambo yako nimefikiri. Unaomba deni ya makayabo. Telefoni hauna. Nyumba ni ya kampuni. Bwana yako habamulipe. Njo vile? À toi."

Mwanamke mmoja wa benchi aliyekuwa ananyonyesha akamtoa mtoto titi ili asikie vizuri. Nikajibu: "Njo vile, Mama. À toi."

"Sasa siku utapotea, nifanye namna gani? Nifunge depo, nikuje kutembea mu makambi yote ya Likasi nikiuliza mwanamuke mwenye hana jino ya mbele? À toi."

Watu wakacheka. Odile, mimi pia nilicheka. Nilifunika mdomo kwa mkono, nikacheka pamoja nao, Mungu anisamehe. Hapo ndipo nilipopotea, kabla hata hajakutaja wewe. Mtu akishacheka na wanaomcheka, hana nguvu tena ya kusema hapana.

"Uko na batoto? À toi."

"Niko nabo. À toi."

"Mukubwa ni mwanamuke? Iko na nguvu? À toi."

"Ni mwanamuke. Iko na nguvu. À toi."

"Basi unitumie ule. Atakaa kwangu, atafanya kazi ya nyumba na ya depo, atakula vile batoto yangu banakula. Siku unamaliza deni, unakuja kumurudisha ku nyumba. Kwa weye hauna telefoni, ule mutoto njo telefoni yako. Nitajua kama utanitafuta weye mwenyewe. Dereva atakuachia makarton, akirudia njia anapakia mutoto. Tumesikilizana? À toi."

Kwenye phonie hakuna kukaa kimya. Kila pumzi inalipiwa, wengine wanangoja, betri inakufa, na yule kijana mwenye mashine anakukodolea macho huku mkono wake uko kwenye swichi. Ukisita, anakata, na unalipa upya. Sisi wote wa pale tumezoea: swali likija, jibu linatoka. Na ukisema "bien reçu", umekubali, kila mtu anajua, biashara za nchi hii zinafungwa kwa maneno hayo mawili bila karatasi.

Nikasema: "Bien reçu, Mama. À toi."

Nilikuuza kwa muda mfupi kuliko ninavyochagua nyanya. Sokoni nabishana, nageuza, nabonyeza, naondoka, narudi. Kwa ajili yako sikubishana hata kidogo. Yule kijana akakata, mwingine akaingia, na wanawake wa benchi wakanishika mkono: "Mama Odile, umepata! Bengine banakataliwa!" Nilitembea mpaka kwenye kona ya soko, nikakaa chini. Hao ndio majirani wanaosema unaenda kushona. Walikuwa pale, walisikia kila neno. Lakini nilipofika kambini nikasema ni kushona, nao wakasema, eh, kushona ni kazi nzuri. Ni heshima waliyonipa. Ninawashukuru na ninawachukia.

Sasa nikuambie kwa nini Mama Claudine ameleta sabuni. Unakumbuka Yvette wake alivyoondoka. Yeye naye alikwenda kushona. Alikwenda kwa mfanyabiashara wa unga kule Kolwezi, kwa sababu ileile, na mama yake aliniambia kwamba ni kwa msimu mmoja tu. Wewe na Yvette mlilia kwenye barabara mpaka dereva akakasirika. Halafu alirudi kwenye kilio cha babu yake. Nilimkuta uani kwao anaosha miguu, nikamwambia, binti yangu, kaa wiki hii, uwasaidie wenzako kupokea wageni. Akaniambia: "Siwezi, Mama. Balinipa ruhusa mpaka kesho." Alisema hivyo nyumbani kwao! Amesimama kwenye uwanja wa baba yake, anaongea habari ya ruhusa.

Siku ile nilimwona pia akimuuliza mama yake kwa sauti ya chini: "Deni imebaki ngapi?" Na Mama Claudine akajibu: "Kidogo." Odile, bado ni kidogo mpaka leo. Sio kwamba Mama Claudine halipi. Analipa. Lakini akimaliza kulipa, yule mtu anamwambia, mama, chukua tena, kwa nini unaogopa, si mtoto wako yuko hapa? Naye anachukua, kwa sababu nyumbani kuna wengine wa kula. Mwenye unga hana haja ya kumaliza, na mama hana nguvu ya kumaliza, na Yvette anazeeka katikati yao. Mtu akishawekwa dhamana, anakuwa sehemu ya biashara. Hata kama yule mwenye mali si mkatili. Mama Régine si mkatili, nimekwisha kukuambia, alinipa kiti na maji. Hilo ndilo linalonitisha. Mkatili ningeweza kumtukana.

Makarton yamefika, wewe mwenyewe ulisaidia kuyashusha. Yako kwenye korido chini ya shuka, nyumba nzima inanuka chumvi, na Didier ananisumbua nimfungulie moja tu alambe. Nimemkataza. Sijui kwa nini nimemkataza, maana kazi yake ni kufunguliwa na kuuzwa, na jana ilikuwa siku nzuri ya soko. Nimeyapita mara nyingi na kisu mkononi. Nilikata vitunguu kwa kile kisu, nikafagia, nikapita tena.

Baba yako tangu makarton yaingie alikuwa hajasema neno. Leo asubuhi nilimpelekea chai ya majani ya ndimu, akaishika, akasema: "Ule waya tulikula siku ngapi?"

Nikasema sikumbuki. Siku chache.

Akasema: "Na huyu?"

Nikamwambia anyamaze. Nilimwambia, kama una kazi niambie, kama una mshahara uweke mezani, kama huna, nyamaza. Maneno yaleyale, mwanangu. Nimeishi miaka yote hii na mdomo wangu haujajifunza kitu. Alikunywa chai yake akatoka kukaa pale alipo mpaka sasa.

Kama kuna jambo nimejifunza, ni dogo, na nimelipata kwa bei mbaya. Usijibu jambo la maisha yako mbele ya benchi. Mtu akikuuliza kitu kikubwa huku wengine wanasikiliza, mwambie, nitakujibu kesho, hata kama utalipa mara mbili, hata kama watasema unajiona. Aibu inaharakisha ulimi. Mimi sikusukumwa na njaa siku ile, maana njaa nimeizoea, ninaweza kuijibu. Nilisukumwa na lile benchi. Nilitaka waone kwamba mimi pia ninapata mkopo.

Na jambo la pili, ambalo nimeliona leo tu, nikiandika. Nimewafikiria wote walioulizwa katika shauri hili. Mama Régine aliniuliza mimi. Mimi nilijibu. Dereva aliulizwa kama ana nafasi mbele, akasema atakuweka mbele, usikae juu ya mizigo. Padri aliulizwa kama atakubariki. Hata Didier alikuja kuniuliza kama atapata kitanda chako, na nilimjibu. Wewe nilikuambia ukiwa unaosha vyombo. Ulisema "Ndiyo, Mama," ukaendelea kusugua ile sufuria mpaka nikakupigia kelele kwamba utaitoboa. Mimi nikalichukua lile "Ndiyo, Mama" nikaliweka kama jibu, kwa sababu lilinifaa. Ulivyolelewa hapa ndani, ungenijibu nini kingine?

Hakuna mtu aliyekuuliza, Odile. Sasa ninakuuliza mimi mama yako: unataka kwenda?

Usinijibu kwa kufikiria chungu chetu. Chungu ni cha kwangu na cha baba yako, tulikileta duniani kabla yako. Kamba za makarton ziko vilevile, hazijakatwa. Nitayarudisha kwenye lori kwa mikono yangu, na ninajua baba yako atashika upande wa pili. Halafu nitakwenda kwenye phonie, nitakaa kwenye benchi lao, zamu yangu ikifika nitasema mbele yao wote kwamba nimekataa, na Kolwezi wasikie, na Kasenga wasikie. Mama Régine hatanipa hata kichwa cha samaki tena. Tutakula majani ya sombe bila mafuta, Didier atalia, na mimi nitarudi kuuza rejareja pale chini mpaka jino la pili lifuate la kwanza. Sitakuficha, itakuwa vibaya. Sijui vibaya kiasi gani. Lakini utakuwa ni ubaya wa nyumba yako, na ndani yake huombi ruhusa kwa mtu.

Na kama unataka kwenda, kwa sababu una miaka yako, na Likasi hii imekufa, na labda huko kuna kitu unachokiona ambacho mimi sikioni, basi nenda kama mtu aliyekubali mwenyewe. Ila lijue hili: deni ni langu. Sikukuzaa ili ulilipie. Siku ukichoka, siku mtu wa nyumba ile akikugusa, siku umeamka tu na moyo umekataa, toka. Usiniulize limebaki ngapi. Wacha waniite mwizi kwenye kipaza kile. Nimeshachekwa pale, ninaweza kutukanwa pia.

Nakusikia unakuja na Didier, mnaimba wimbo wa kwaya, na yeye anaharibu sauti kama kawaida. Sitauliza chochote ukiingia. Tutakula, tutasali, nitakupa karatasi hizi na mshumaa. Usinitafute usiku kunijibu, maana nikikuona unalia nitakupigia kelele, na nitasema neno lingine la kujutia. Asubuhi dereva atapiga honi. Ukitaka kwenda, vaa viatu, utanikuta mlangoni. Kama hutaki, usiamke. Lala, mwanangu. Nitatoka mimi.